Sufuria ya Mvuke Mbele ya Afande

Lamwaka aliamini maji ya moto. Kanisani alikwenda, hospitali alikwenda, lakini mahali alipoweka moyo wake wote ni kwenye sufuria kubwa ya aluminiamu, ile yenye mbonyeo ubavuni, iliyokaa juu ya sigiri, jiko la makaa, nje ya mlango wao kwenye mtaa wa Banda, Kampala, chini ya kilima cha Kyambogo. Mtoto akipiga chafya, maji ya moto. Mgeni akifika kutoka Gulu na vumbi lake, maji ya moto kabla hata hajaulizwa habari za barabarani. Marehemu mume wake, sajini, alikuwa akirudi kambini amelewa hata mlango haupati, naye alimwandalia beseni la maji ya moto vilevile, kisha akamwelekeza mlango ulipo.

Kwa hiyo binti yake Adyero aliposema nyayo zinamchonyota kama amekanyaga siafu, Lamwaka hakuuliza maswali. Alikwenda kukata majani ya mkaratusi.

Adyero alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi iitwayo Ngao Tatu. Kazi yake ilikuwa kusimama na bunduki mbele ya duka la vitambaa Old Kampala, kwenye jengo moja la zamani ambalo Mhindi aliyelijenga aliandika mwaka juu ya mlango, rangi ikabanduka, ikabaki tarakimu ya mwisho tu. Alisimama hapo asubuhi mpaka jioni. Aliipenda kazi hiyo. Na kwa kuwa alilelewa na baba wa aina ile, pombe hakuwahi kuionja, hata ile ya komunyo aliigusa kwa mdomo tu akapitisha kikombe.

Ugonjwa wenyewe haukubisha hodi. Ulianza na nyayo. Halafu ikawa akiinama kufunga kamba za buti, kitu kama umeme kinamteremka uti wa mgongo, kinaishia miguuni. Akiinuka, kimekwisha. Halafu jicho la kushoto likawa linauma akilizungusha, na rangi nyekundu ikaanza kumpotea: alifunga jicho la kulia, akatazama nyanya za Habibah, jirani yao aliyeuza mboga mlangoni, akaziona zina rangi ya chai ya maziwa.

"Nyanya zako zimeoza, dada," akamwambia.

"Macho yako ndiyo yameoza," Habibah akajibu. Hakujua kwamba alikuwa karibu na ukweli kuliko kliniki.

Maana kliniki ya barabarani ilisema ni malaria. Ikatoa dawa. Aliporudi ikasema ni taifodi. Aliporudi tena ikasema ni malaria pamoja na taifodi, na hapo Lamwaka akaona bora atibu mwenyewe.

Kila asubuhi, kabla ya kazi, Adyero aliketi kwenye kigoda. Sufuria iliwekwa kati ya miguu yake, ndani yake majani ya mkaratusi, majani ya mlimau, na tangawizi iliyopondwa kwa chupa. Juu yake Lamwaka alimfunika blanketi la jeshi la marehemu, zito, la kijivu, linalochoma shingo. Alimwacha humo mpaka jasho lilowe kigoda. Adyero alitoka magoti yanatetemeka, ameshika ukuta.

"Mama, mbona naona giza?"

"Ugonjwa unatoka."

"Miguu nayo haisikii."

"Unatoka kwa nguvu."

Akikaa mlangoni apigwe na upepo wa asubuhi, giza liliondoka na miguu ikarudi. Lamwaka aliyatazama hayo na kuridhika. Alipozidiwa, ilikuwa dawa inafanya kazi. Alipopata nafuu, ilikuwa dawa imefanya kazi. Hakuna siku sufuria ile ilishindwa.

Sasa ikaja siku ambayo Adyero alichelewa kuamka. Uchovu ulikuwa umemkalia, ule wa mtu aliyelima shamba la mwenzake usiku kucha, na hali alikuwa amelala. Mvuke alipata, upepo wa mlangoni hakuupata. Alipanda boda boda moja kwa moja, akafika Old Kampala na jasho lake, akasimama kwenye jua na kofia ya kitambaa kizito. Kabla ya saa ya chai, mguu wa kushoto ulimgomea. Akayumba, akagonga dirisha la duka, akaketi chini. Bunduki ikateleza ikalala kando ya mfereji.

Aliyemkuta pale ni msimamizi wake, Sifuna, Mkenya kutoka Bungoma, mtu aliyeokoka. Pombe aliiacha zamani, lakini pua yake haikuiacha. Alimwinamia Adyero, akanusa kola ya shati, akasimama wima kama amepigiwa saluti.

"Tangawizi," akasema. "Nazijua hizo. Zile pombe za mifuko, zenye ladha ya tangawizi."

"Afande, mimi sinywi."

"Simama basi."

Adyero akajaribu, mguu ukakataa.

Akanyang'anywa bunduki, akaambiwa akae nyumbani mpaka kesi yake isikilizwe na meja mstaafu Ojera, mkuu wa kampuni. Na kila askari wa Kampala anajua: ukifukuzwa kwa ulevi ukiwa na bunduki, jina lako linapelekwa kwa kampuni zote. Hutalinda tena hata banda la kuku.

Habari zikamfikia Lamwaka. Mlevi alikuwa ameshampata mmoja maishani, akamzika. Hakuwa tayari kupewa wa pili ambaye hanywi. Akamchukua binti yake, wakaenda hospitali kubwa, wakakaa kwenye mabenchi mpaka mabenchi yakawazoea.

Daktari wa mishipa ya fahamu aliitwa Hasifa, mwanamke mwembamba aliyesema polepole. Alimgonga Adyero magoti kwa kinyundo, akamkwaruza nyayo kwa ufunguo, akamwambia atazame kidole chake kinakwenda wapi. Akamtuma kwenye mashine kubwa ya kupiga picha kichwa, ile inayogonga kama fundi wa mabati. Picha zilipotoka, alizibandika kwenye mwanga.

"Mnaona hivi vidoa vyeupe?"

Lamwaka aliviona. Vilikuwa kama matone ya uji kwenye kitambaa cheusi.

"Ni makovu. Ugonjwa unaitwa multipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Mama, nyumbani mna pasi ya umeme?"

"Tunayo, ila waya wake uligugunwa na panya."

"Ikawaje?"

"Siku nyingine inawaka, siku nyingine haiwaki. Ikipata moto sana, inakata."

Daktari akaacha kalamu. "Basi ndivyo ilivyo. Ubongo unatuma amri kwa mguu, na amri inapita kwenye neva, kama umeme kwenye waya. Neva ina ganda lake. Ganda likiliwa, amri inafika nusu, au inachelewa, au haifiki. Likiliwa kwenye neva ya jicho, jicho linafifia. Likiliwa kwenye uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi, hata kibofu kinaweza kukosa subira."

Adyero alitazama sakafu aliposikia habari ya kibofu. Hilo hakuwa amemwambia mtu.

"Na panya ni nani?" Lamwaka akauliza.

"Ni askari wake mwenyewe. Kinga ya mwili, inayotakiwa kupigana na wadudu. Imeona ganda la neva ikadhani ni adui."

"Wamelewa?"

"Hapana, Mama. Wamekosea lindo."

Hilo Adyero alilielewa mara moja. Akauliza kama ugonjwa huo unapona. Daktari hakuzungusha maneno: kuung'oa, hapana. Zipo dawa za kupunguza mashambulizi, na likija shambulio kubwa wanaweka dripu ya kulituliza. Ugonjwa utakuja na kuondoka, kila mtu kwa namna yake. Si wa kuambukiza, si wa kurogwa, wala hautokani na jambo lolote alilofanya. Halafu akauliza kama kuna kitu kinachomzidishia.

"Joto," Adyero akasema. "Jua. Na ule mvuke wa Mama."

"Mvuke gani?"

Lamwaka alieleza kwa ukamilifu: majani, tangawizi, blanketi, kigoda. Hakuacha hata chupa ya kupondea. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, zamani, kabla ya mashine hizi, madaktari wakimshuku mtu ana ugonjwa huu walikuwa wanamtia kwenye maji ya moto waone kama atazidiwa. Wewe umempima kila asubuhi. Na kila asubuhi jibu lilikuwa ndiyo."

"Nimemharibu?"

"Hapana. Joto haliongezi makovu. Linafanya waya ulioliwa ukatike kwa muda, na mwili ukipoa, unashika tena. Lakini acha. Mtu anaweza kuanguka akavunjika nyonga. Maji ya baridi, kivuli, barafu shingoni."

Lamwaka alitembea mbele mpaka stendi. Walipofika ndipo akauliza, "Maji ya baridi kabisa kabisa?"

"Ndivyo alivyosema, Mama."

"Kama ng'ombe."

Barafu ilipatikana kwa Ajwang, Mjaluo wa Kisumu aliyeuza samaki ufukweni Ggaba, rafiki wa Lamwaka tangu siku walipogombania kiti kwenye harusi wakagundua wanaelewana, Kijaluo kwa Kiacholi. Asubuhi ya kesi alikuja Banda na boksi la samaki limejaa barafu iliyopondwa.

"Mama Adyero, hii ni ya samaki, si ya watu," akasema. "Lakini sijapata lalamiko hata moja kutoka kwa samaki."

Mpango wao ulikuwa mwepesi. Wamfunge barafu shingoni na kwapani, akifika mbele ya Afande atembee sawa, aonekane ni mtu timamu, kesi iishe.

Uwanja wa Ngao Tatu ulikuwa mwendo mfupi kutoka kwao, una kibanda cha mabati na mstari mweupe uliochorwa chini kwa ajili ya gwaride. Ojera aliketi kibandani, mwanajeshi mstaafu, tumbo limetangulia, Kiswahili chake cha kambini. Mashine ya kupima ulevi kwa pumzi ilikuwepo kabatini, ila betri zake zilihamishiwa kwenye saa ya ukutani. Saa ilikuwa inakwenda vizuri.

Ojera alisoma barua ya daktari kwa sauti, akakwama kwenye jina la ugonjwa, akaliruka.

"Inasema mgonjwa anaweza kuyumba."

"Anaweza," Sifuna akasema. "Hata mlevi anaweza."

"Hii maneno ya daktari mimi naheshimu. Lakini mimi ni mtu ya kuona. Askari, kwenye mstari!"

Adyero akavua taulo la barafu, akatembea. Alitembea mstari mzima kama amechorwa pamoja nao, akageuka kijeshi, akarudi. Ajwang alipiga makofi, akaonywa. Lamwaka alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini. Sifuna alimsogelea mshitakiwa, akanusa.

"Leo ananuka samaki."

"Samaki si kosa," Ojera akasema. Akaegemea kiti. "Haya. Leo umetembea sawa kabisa. Ugonjwa iko wapi?"

"Upo, Afande."

"Leo hujakunywa, unatembea sawa. Ile siku hukutembea sawa. Sasa mimi nitasema nini?"

Hapo ndipo Lamwaka alipoona walichokuwa wamefanya. Walikuwa wamechukua ushahidi wao wa pekee wakaugandisha kwa barafu ya Ajwang.

"Ile siku alikuwa na joto, Afande," akasema.

"Mama, joto haiyumbishi askari. Mimi nimekaa Karamoja, kwenye jua kali, na buti ya mpira."

Sifuna akatoa kalamu amsogezee mkuu wake, atie sahihi ya kumfukuza. Ojera akaishika. Adyero alikuwa bado amesimama kwenye mstari. Akasema, bila kugeuka, "Mama. Leta sufuria."

Lamwaka alimtazama. "Daktari alikataza."

"Najua alikataza."

"Alisema unaweza kuvunjika nyonga."

"Utanishika. Mama, hawa hawatasoma picha ya kichwa changu. Watasoma miguu. Leta."

Lamwaka alikwenda. Alirudi sufuria kichwani, blanketi begani, kigoda kwapani, sigiri mkononi ina makaa mekundu. Akaiweka katikati ya uwanja wa gwaride, akainjika maji, akatia majani, akatia tangawizi. Maisha yake yote alikuwa amehimiza maji yachemke. Siku hiyo aliyaomba yachelewe. Yakachemka haraka kuliko siku zote.

"Ngojeni," Ojera akasema. "Pengine iko pombe ya waragi ndani ya hii maji." Akainama, akanusa, hakutosheka. Akavua kofia, akaketi kwenye kigoda kikalia, akafunikwa. Chini ya blanketi lile la kijivu, meja mstaafu alikohoa mara kadhaa, akauliza kama kuna mtu ana leso. Alipotoka uso unang'aa kama andazi la mafuta, alikwenda kwenye mstari akautembea wote, tumbo mbele, bila kukosea.

"Mimi niko sawa," akatangaza. "Na kifua imefunguka. Sifuna, ingia."

"Afande, mimi nimeokoka."

"Ni majani tu. Ingia."

Sifuna akaingia. Blanketi likatulia. Kisha sauti yake ikatoka ndani, imepungua.

"Afande."

"Nini?"

"Harufu ya siku ile. Ni hii hapa."

"Harufu ya pombe?"

"Ya tangawizi, Afande."

Naye akatoka, akatembea mstari, akafika. Halafu Adyero akaketi.

Lamwaka alimfunika, na tofauti na siku zote, hakuubana ukingo wa blanketi. Aliacha nafasi ya mkono wake kupita, akamshika binti yake kiganja. Alipohisi vidole vyake vinalegea, akafunua, hakungoja mtu aamuru.

Adyero akasimama. Akaanza vizuri. Kisha mguu wa kushoto ukaburuta kiatu, kiatu kikachora mstari wake wenyewe kwenye vumbi, pembeni ya ule mweupe. Akayumba kuelekea mlingoti wa bendera, akajirekebisha, akapitiliza upande wa pili. Mama yake alikwenda sambamba naye, mikono imetangulizwa, kama vile alivyomfuata alipoanza kutembea, kwenye varanda ya kambi. Alipofika karibu na kibanda, Adyero akasimama, akapepesa macho.

"Afande yuko wapi?" akauliza.

Ojera alikuwa mbele yake, mkono ungemfikia.

"Niko hapa, binti yangu," akasema.

Ajwang hakungoja ruhusa. Alibeba boksi zima, wakamlaza Adyero kivulini, barafu shingoni, barafu kwapani, barafu utosini. Chai ikaletwa, ikapoa bila kunywewa. Sifuna alisimama mbali kidogo akipepea kwa faili lenye mashitaka yake, upepo ukamfikia mshitakiwa. Adyero alilala macho wazi, akitazama mahali pasipo na kitu. Baada ya muda macho yakaacha kutangatanga.

"Afande Sifuna," akasema.

"Ndiyo?"

"Kifungo chako cha tatu kimefunguka."

Sifuna akakifunga.

Mashitaka ya ulevi yalifutwa siku hiyo hiyo, na Ojera akaagiza jina lake lisipelekwe popote. Bunduki hakurudishiwa. "Mtu ambaye hajui mimi niko wapi, siwezi kumpa risasi," Ojera alisema. Adyero alihamishiwa chumba cha redio koli, ile simu ya upepo, ambamo kuna kiti na feni, apokee taarifa za malindo yote na kuzipeleka. Adyero alilia njiani, kwa sababu ya bunduki, akanyamaza walipofika kwa Habibah, akanunua nyanya, akazitazama kwa jicho moja moja. La kushoto bado liliziona za chai. Daktari alikuwa amesema huenda rangi ikarudi, na huenda isirudi yote.

Sigiri Lamwaka alirudi nayo, sufuria na blanketi vikabaki ofisini. Ojera alisema ni vielelezo, mpaka faili lifungwe. Lamwaka alipokwenda kuulizia sufuria, alimkuta ameketi nyuma ya kibanda chini ya blanketi la marehemu, na Sifuna anaongeza makaa kwenye jiko la ofisi.

"Kesi bado inaendelea, Mama," sauti ya Ojera ikasema ndani ya blanketi.

Akamwachia. Alirudi nyumbani kuandaa maji ya kuoga, maana Adyero alikuwa karibu kutoka kazini. Akamimina beseni kutoka kwenye jerikani, akajaribu kwa kiwiko kama alivyojaribu maji ya watoto wake wote. Yalikuwa vuguvugu, jerikani ilikuwa imeshinda juani. Kiwiko chake kikayapenda. Alichutama hapo akiyatazama, mtu anayejua jibu lakini hataki kulisema. Kisha akafungua gunia alilotumiwa na Ajwang, akatoa bonge la barafu, akapangusa magamba ya samaki, akalitumbukiza.

Adyero akafika, akachukua beseni, akaingia nyuma ya pazia.

"Mama, ya leo ni baridi kweli?"

"Ni baridi."

Lamwaka alisimama nje na taulo. Alisikia maji yakimgusa mtoto wake, alisikia anavyoshtuka na kuvuta pumzi. Sigiri ilikuwa pale pale karibu na mguu wake, ina makaa ya kupikia maharage. Akaisukuma mbali kwa kidole gumba cha mguu, akaendelea kushika taulo.